Kijiti cha Mezani Hakisafishi Meno

Kwenye shughuli za hapa Tanga, pilau likishaliwa na mikono ikishanawishwa, hupita kikopo cha vijiti. Kila mmoja anachomoa chake, anaziba mdomo kwa kiganja kama wazee walivyotufundisha, anachokonoa, na mazungumzo yanaendelea. Ni adabu nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na imani inayofuatia: kwamba mtu akishachokonoa, basi amesafisha katikati ya meno. Hajasafisha. Ametoa kilichokuwa kinamkera. Na kile kinachoozesha meno hakimkeri mtu mpaka kiwe kimeshafanya uharibifu.

Vitu hivi viwili tunavichanganya kila siku. Unyuzi wa nyama ukinasa kwenye magego unausikia, ulimi hautulii mpaka utoke. Ukoga hausikiki. Huo ni utando laini wa bakteria uliogandamana na jino, na hujijenga upya kila siku, hata kwa mtu aliyefunga kutwa nzima bila kutia kitu mdomoni. Bakteria hao wakipata sukari au wanga hutengeneza asidi, na asidi ndiyo inayolila jino. Utando ukikaa kwenye ukingo wa fizi, fizi huvimba na kuanza kutoka damu. Ukiachwa siku kadhaa, madini yaliyomo kwenye mate huanza kuugandisha, ukawa ugaga mgumu ambao hakuna kitu nyumbani kwako kitakachoutoa. Hapo ni vifaa vya daktari.

Mswaki peke yake haumalizi kazi hii, hata ukiupiga kwa bidii. Gego lina nyuso tano: ya kutafunia, ya upande wa shavu, ya upande wa ulimi, na mbili za ubavuni, pale linapobanana na majirani zake. Nywele za mswaki zinafika vizuri kwenye zile tatu za kwanza. Za ubavuni hazifikii. Kwa hiyo mtu anaweza kupiga mswaki asubuhi na usiku maisha yake yote, kwa dawa nzuri kabisa, na bado akaacha nyuso mbili kati ya tano bila kuguswa.

Mimi si daktari. Nilianza kuyafuatilia mambo haya kwa sababu ya shangazi yangu aliyenilea, ambaye ana kisukari. Meno yake hayakuwa na matundu. Yalilegea moja baada ya jingine, mazima, yakatoka. Kilichoyatoa ni ugonjwa wa fizi. Kisukari na fizi vinachochewana pande zote mbili: sukari ikipanda mwilini fizi huathirika kirahisi zaidi, na fizi zenye uvimbe wa muda mrefu hufanya sukari iwe ngumu kudhibitika. Siku hizi ana meno ya kubandika, na nikimsifia kwamba yamempendeza hujibu, "Mwanangu, jino la pembe si dawa ya pengo." Kwa hiyo ninapoandika hapa kuhusu uzi na brashi, siandiki kuhusu urembo. Naandika kuhusu mtu kuweza kutafuna hindi la kuchoma akiwa na miaka sabini.

Tuanze na tunavyovitumia. Mjini kwetu katikati ya meno husafishwa kwa chochote kilicho karibu: chelewa iliyochomolewa kwenye ufagio, njiti ya kiberiti, pini ya ushungi, ukucha, kona ya risiti iliyokunjwa, uzi uliochanwa kwenye kiroba cha mchele. Nimeviona vyote hivi, kwenye baraza za watu wenye heshima zao. Pini niitoe kabisa kwenye mjadala. Chuma chenye ncha kikiteleza kinatoboa fizi, na kinaweza kukwaruza jino au kung'oa ukingo wa jino lililozibwa. Chelewa ya ufagio imeshafagia uwanja, hata ukiifuta kwa khanga. Uzi wa kiroba ni utepe wa plastiki wenye makali pembeni, na ukivutwa kwa nguvu unachana fizi. Njiti ya kiberiti ni nene na ina pembe nne, inasukuma ufizi chini ili ipate nafasi.

Kijiti cha dukani ni afadhali kuliko hivyo vyote, ila kwa kazi moja: kutoa kipande cha chakula. Kiumbo ni cha mviringo, na nafasi kati ya jino na jino ni ya pembetatu. Kinagusa sehemu ndogo ya ubavu wa jino, tena upande wa nje tu, na sehemu kubwa inabaki vilevile. Mtu akizoea kukikandamiza mahali palepale miaka nenda rudi, ule ufizi mdogo wa pembetatu ulio kati ya meno mawili unaweza kushuka, na pale ulipokuwa panabaki tundu jeusi linalonasa chakula zaidi ya mwanzo. Kisha anasema meno yamempanuka kwa uzee. Ukilazimika kukitumia, kipitishe taratibu, usikichimbe kwenye ufizi, na usikirudishe kwenye kikopo. Wenye migahawa wangetutendea wema kwa kununua vile vilivyofungwa kimojakimoja kwenye karatasi, maana kikopo cha wazi kinapitiwa na vidole vya watu wengi kutwa.

Nimalizane haraka na mswaki wa mti, kwa kuwa najua swali hilo litakuja. Naupenda na ninautumia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema asingechelea kuutia uzito umma wake angewaamrisha kupiga mswaki kwa kila swala, na hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim. Mswaki ukiutafuna vizuri ncha yake ikawa nywele, unasafisha uso wa nje wa meno kwelikweli. Lakini nywele zile zinaelekea mbele, sambamba na kijiti chenyewe, kwa hiyo upande wa ulimi ni tabu kuufikia, na katikati ya magego haziingii. Mswaki wa mti ni mswaki. Unataka msaidizi kama ule wa plastiki unavyotaka.

Msaidizi ninayemtetea kwa watu wengi, hasa vijana ambao meno yao bado yamebanana, ni uzi wa meno. Si kitu kipya. Levi Spear Parmly, daktari wa meno wa New Orleans, Marekani, alikuwa akiwashauri watu kupitisha uzi wa hariri uliotiwa nta katikati ya meno tangu miaka ya 1810. Mwaka 1898 kampuni ya Johnson & Johnson ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya uzi wa hariri, na miaka ya 1940 nailoni ikachukua nafasi ya hariri kwa sababu ni imara na haikatiki ovyo. Wazo lenyewe ni rahisi: kitu pekee kinachopita pale meno yanapogusana ni kitu chembamba kama uzi.

Wengi waliojaribu wakaacha, waliacha kwa sababu hawakuonyeshwa namna. Wanauingiza uzi kwa kishindo, unaikata fizi, wanauchomoa, wanahamia nafasi nyingine. Huko ni kutoa mabaki tu, sawa na kijiti. Namna yenyewe ni hii. Kata uzi wa dhiraa moja, ule urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Uzungushe sehemu kubwa kwenye kidole cha kati cha mkono mmoja na kidogo kwenye cha mkono wa pili, ubakize kipande kifupi unachokiongoza kwa gumba na kidole cha shahada. Upitishe kwa kuupeleka mbele na nyuma taratibu mpaka uteremke wenyewe. Ukishaingia, uukumbatishe kwenye ubavu wa jino moja kama herufi C, uupandishe na kuushusha mara kadhaa, ukifika chini kidogo ya ukingo wa fizi. Usiutoe bado. Ugeuze ukumbatie jino la jirani, ufanye vilevile. Kisha ndipo uhame, na uhamie kwa kipande kisafi cha uzi. Hapo pa kugeuza ndipo penye kazi yote, na ndipo watu wanaporuka.

Umuhimu wa namna unaonekana kwenye utafiti. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuta kwamba watoto waliopitishiwa uzi na wataalamu siku za shule, kwa muda wa karibu mwaka mmoja na miezi minane, hatari ya meno yao kutoboka ubavuni ilipungua kwa asilimia 40. Vijana wadogo waliojipitishia wenyewe hawakuonyesha faida hiyo. Mikono tofauti, matokeo tofauti.

Agosti 2016 shirika la habari la Associated Press liliandika kwamba ushahidi wa faida za uzi ni dhaifu, na kwamba mwongozo wa lishe wa serikali ya Marekani ulikuwa umeacha kuutaja. Habari ile ilisambaa mpaka kwetu, ikafika ikiwa imegeuka: "wazungu wenyewe wamesema uzi hauna maana." Sivyo ilivyosemwa. Ushahidi dhaifu maana yake majaribio yalikuwa madogo na mafupi, na tundu la ubavuni huchukua miaka kujichimba, si miezi mitatu. Mwaka 2019 taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kuzipima tafiti za tiba, ilipitia majaribio 35 yenye watu wazima 3,929. Iliona kwamba mswaki ukiongezewa uzi au brashi ndogo za katikati unaweza kupunguza uvimbe wa fizi au ukoga kuliko mswaki peke yake, na kwamba huenda brashi hizo zikawa na nguvu kuliko uzi. Ilisema pia kuwa uhakika wa matokeo hayo ni mdogo. Mimi nikiyasoma hayo pamoja na ninayoyajua kuhusu ukoga unavyofanya kazi, sioni sababu ya kuziacha nyuso mbili za jino bila kuguswa eti kwa kusubiri utafiti mkubwa zaidi.

Hizo brashi ndogo wengi wetu hatujaziona. Ni waya mwembamba wenye nywele fupi pande zote, wenye kishikio kidogo, na huuzwa kwa saizi zinazotambulishwa kwa rangi. Kwa mtu mzima ambaye fizi zimeshuka kidogo na nafasi zimefunguka, naamini hizi ndizo za kwanza, mbele ya uzi. Sababu iko kwenye umbo la jino. Mzizi wa gego una bonde ubavuni, na fizi zikishuka bonde hilo hubaki wazi. Uzi ukivutwa unapita juu ya bonde bila kugusa chini yake, ila nywele za brashi zinalijaza. Tena ni rahisi kwa mikono ya mtu mzima. Shangazi, kwa meno yake machache yaliyobaki, hawezi kuzungushia uzi vidoleni, lakini brashi anaisukuma mwenyewe akiwa amekaa barazani na kioo kidogo. Muhimu ni saizi: iingie kwa kubana kidogo, nywele ziguse pande zote mbili, waya usikwaruze. Ikigoma kuingia usiilazimishe, chukua ndogo zaidi au rudi kwenye uzi. Nafasi za mdomo mmoja hazilingani, wengine watahitaji saizi mbili.

Kuna na mashine za maji, zinazorusha maji kwa mapigo katikati ya meno. Zilianzia Fort Collins, Colorado, mwaka 1962, na sasa ndugu zetu walioko Uarabuni wanazileta zawadi. Kwa aliyefungwa waya wa kunyoosha meno, au mwenye meno bandia ya kudumu ambayo uzi haupiti, zina msaada mkubwa, na fizi zinazotoka damu hupata nafuu. Kwa mwenye meno ya kawaida siziweki mbele. Ukoga umeshika, na kitu kilichoshika kinataka kusuguliwa. Sufuria lenye ukoko hata ukilimwagia ndoo nzima ya maji, bila kusugua ukoko unabaki. Ndiyo hoja yangu vilevile kwa wanaosema kusukutua kunatosha. Kusukutua mara tatu kila tunapotawadha kunaondoa mabaki yaliyolegea na ni baraka kwa kinywa, ila utando wenyewe unabaki pale ulipo.

Wakati wa kufanya haya ni usiku, kabla ya kulala, mara moja. Usingizini mate hupungua sana, na mate ndiyo kinga ya kwanza ya meno. Kinachobaki katikati ya magego saa nne usiku kina saa saba za kufanya kazi bila bughudha. Na fikiria vyakula vyetu: kashata ya karanga na kahawa, halua, tende. Vinanata na vina sukari, vinaingia hasa pale mswaki usipofika. Mwezi wa Ramadhani jambo hili linakuwa zito zaidi, kwani tunafuturu kwa tende, tunakula mpaka usiku wa manane, kisha tunaamka daku tukiwa na usingizi na kurudi kitandani. Mfungaji ana sababu nyingine tena ya kupitisha uzi kabla ya adhana ya alfajiri: mabaki yaliyo katikati ya meno, mtu akiyameza makusudi mchana, yanamharibia saumu. Dakika tatu baada ya daku zinamtoa kwenye wasiwasi wote huo.

Najua jibu nitakalopewa: vitu hivyo ni vya wenye pesa. Kwa mashine nakubali. Kwa uzi sikubali. Kasha la kawaida lina mita 50. Ukikata sentimita 45 kila usiku, linakwenda zaidi ya usiku 100, yaani miezi mitatu na zaidi kwa mtu mmoja. Soda tunazokunywa ndani ya miezi hiyo mitatu zinagharimu zaidi, na ndizo zinazoleta kazi yenyewe. Ila vile vipande vya plastiki vyenye uzi mfupi kwenye uma, sivipendelei kwa matumizi ya kila siku. Kimoja kinatupwa kila mara, uzi ni uleule mchafu kutoka jino la kwanza hadi la mwisho, na nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019 haihitaji takataka nyingine ndogo za kusombwa na maji ya mvua mpaka baharini. Navikubali kwa mzazi anayemsafisha mtoto, kwa kuwa mkono mmoja unatosha. Mtoto huanza kusafishwa katikati pale meno mawili yanapogusana, hata kama ni meno ya utoto.

Brashi ndogo ndizo zenye tatizo la kweli, kwa sababu hazipatikani kirahisi. Uzi unaupata kwenye maduka makubwa ya dawa, lakini brashi ukiziulizia madukani kwenye Barabara za Ngamiani, hapa hapa Tanga, utaletewa mswaki wa mtoto. Wenye maduka ya dawa huagiza kinachoulizwa. Kwa hiyo waulizeni. Anayekwenda Dar es Salaam mwagizeni. Na kwa wanaouliza kama uzi wa cherehani unafaa: haufai. Umesokotwa kwa ajili ya nguo, una rangi na vilainishi vya kupitia sindanoni, na wembamba wake unakata.

Wako wanaoogopa uzi kwa kusikia kwamba unapanua meno. Uzi haupanui. Kinachotokea ni kwamba fizi zilizokuwa zimevimba zikipona hunywea, na nafasi iliyokuwa imefunikwa na uvimbe inaonekana. Na wako wanaoacha usiku wa kwanza kwa sababu ya damu. Damu ile mara nyingi ni dalili ya fizi zilizovimba kwa ukoga, na dawa yake ni kuendelea taratibu kila usiku. Kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikizidi wiki mbili na bado inatoka, au kama jino linacheza, au chakula kinanasa mahali palepale kila unapokula, au uzi unachanika sehemu ileile moja kila ukiupitisha, hapo hapana tena suala la kuchagua kati ya kijiti, uzi na brashi. Huenda kuna tundu ubavuni au ukingo wa jino lililozibwa umeachia. Nenda kliniki ya meno, hospitali yetu ya Bombo au kwingineko, usingoje maumivu. Na ukiwa pale kwenye kiti, mwombe daktari akupimie saizi ya brashi kwa kila nafasi, na akutazame ukipitisha uzi kwa mkono wako mwenyewe.